Tunawapeleka wazazi hoteli ya kifahari Nairobi, kulala mara mbili: tulipe vipi, tuulize nini?

kitindamimba_254

Wadau, salaam. Wazee wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa Julai. Sisi watoto wanne tumechanga tuwalipie siku mbili katika hoteli kubwa hapa Nairobi, zile za mlangoni kuna mtu wa kofia na glavu. Bado hatujachagua. Tunataja Norfolk, Stanley, Serena, Kempinski, Hemingways ya Karen, na dada yangu amekazania Giraffe Manor.

Hoteli mojawapo imeandika Sh40,000 kwa usiku, na pembeni kuna alama mbili za kujumlisha, "++". Hizo ni za nini? Je, tunaweza kulipa kila kitu wazazi wasione bili hata moja? Mwenye kadi ni kaka yetu aliye Doha, sisi wengine ni watu wa M-Pesa. Mzee ana miaka 74 na goti bovu. Mama ana kisukari, anadunga insulini. Hawajawahi kulala mahali pa namna hiyo, na Mzee akiona bei ya chai atatoka nje kutafuta kibanda. Nataka mambo ya kufanya na ya kuuliza, tafadhali. "Watafurahi tu" tumeshaambiwa.

BiKaunta

Hongera kwa wazee. Nianze na pesa, maana hapo ndipo watu huumia.

"++" maana yake bei haijafika mwisho. Kuna VAT asilimia 16, ada ya utalii asilimia 2, na hoteli nyingi za daraja hilo huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10. Kwa kawaida zote tatu hupigwa juu ya ile bei ya mwanzo. Chukua hiyo 40,000: VAT 6,400, utalii 800, huduma 4,000, jumla Sh51,200. Kulala mara mbili ni Sh102,400, na nyinyi pengine mmechanga 80,000 mkadhani mmemaliza. Menyu nayo ikiwa na alama hizo, chai ya Sh800 inakuja mezani ikiwa Sh1,024. Kwa hivyo swali la kwanza mkipiga simu ni hili: "Bei hii ni kamili, kila kodi na kila ada imo?" Jibu lije kwa barua pepe. La mdomo halitawasaidia.

La pili, ulizeni ni bei ya chumba au ya mtu, na ina milo mingapi. BB ni kitanda na kiamshakinywa. HB huongeza mlo mmoja, mara nyingi wa jioni. FB ni milo yote mitatu, lakini vinywaji huwa kando isipokuwa wameandika vinginevyo. Giraffe Manor hutoza kwa kichwa na chakula kimo, kwa hivyo msiiweke pembeni ya BB ya mjini mkasema moja imepita nyingine mara nne. Hesabuni watu wawili, milo yote, kodi zote, ndipo mlinganishe.

La tatu, bei ya wakaazi. Hoteli nyingi zina bei nafuu kwa wenye kitambulisho cha Kenya, na wengine huhesabu Afrika Mashariki nzima. Anayeangaliwa ni mgeni anayelala, si anayelipa, kwa hivyo kaka wa Doha kulipa hakuwanyimi bei hiyo. Wazee wabebe vitambulisho halisi, si nakala kwenye simu.

Sasa kadi. Wazazi wakifika, mapokezi wataomba kadi "ya kushikilia". Hapo hawakati pesa, wanaiambia benki izuie kiasi fulani kwa ajili ya matumizi ya ziada, tuseme Sh10,000 kwa kila usiku. Kwenye kadi ya mkopo hutasikia uchungu. Kwenye kadi ya kawaida ya akaunti, ni pesa yako mwenyewe imefungiwa, na baada ya kuondoka inaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla benki haijaiachilia.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea siku ya kutoka. Karani badala ya kufunga bili kwa kutumia ile idhini ya mwanzo, anachanja kadi upya kama mauzo mapya. Hapo akaunti inabeba mzigo mara mbili: kile kilichoshikiliwa na kile kilichokatwa. Benki haiwezi kujua kwamba ni bili moja. Dawa yake ni kuhifadhi kile kikaratasi cha siku ya kuingia chenye nambari ya idhini, na siku ya kutoka kusema wazi: "Funga kwa idhini hii hii." Wakishakosea, waombe waandikie benki kuiachilia nambari ile ya zamani. Bila nambari mtazungushwa.

Kaka wa Doha: aombe kiungo cha malipo kutoka hotelini, alipe mwenyewe kwenye simu yake. Benki itamtumia nambari ya siri ya mara moja, kwa hivyo laini yake iwe hewani. Saa za Doha na Nairobi ni sawa, hana kisingizio. Ukurasa ukimuuliza kama anataka kulipa kwa riyali, akatae, achague sarafu ambayo hoteli imemnukulia. Akikubali riyali, anayebadilisha pesa ni kampuni ya malipo, kwa bei inayojipangia yenyewe. Na asipige picha ya kadi mbele na nyuma kuituma WhatsApp, hata kama anayeomba ni mtu wa hoteli. Hoteli ikisema haina kiungo, itume fomu ya idhini ya mlipaji asiyekuwepo. Ajaze, atie sahihi, aambatishe kitambulisho, na ile tarakimu tatu ya nyuma ya kadi aifiche.

Kuhusu wazazi kutoona bili: inawezekana, na jina lake kazini ni kugawa bili. Chumba kinafunguliwa bili mbili, A na B. A inaenda kwa mlipaji: chumba, kiamshakinywa, chakula cha jioni, chochote mtakachoorodhesha. B ni ya mgeni mwenyewe. Mkitaka Mzee asione kitu, andikeni kwamba yote yaende A na wekeni kikomo, mfano Sh30,000 ya ziada kwa siku zote mbili, ikikaribia wawapigie. Msipotaja kikomo, wengine watarudi kumuuliza Mzee, na siri imeharibika. Menyu isiyo na bei pia huombwa. Migahawa mingi mikubwa inaweza kuchapisha moja kwa ajili ya meza yenu ikiambiwa mapema.

mshika_funguo

BiKaunta amemaliza pesa. Mimi niongeze chumba chenyewe, maana wanaolipa huangalia picha za bwawa na kusahau kwamba Mzee hataogelea.

Kidogo kuhusu majina. Stanley ilianza 1902, Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika hapa. Kwa hiyo wazee wanaokumbuka Nairobi ya zamani watakuwa na la kusimulia, hasa pale Stanley kwenye mkahawa wa Thorn Tree, ambako wasafiri walikuwa wakibandika ujumbe kwenye mti wa mgunga. Lakini hoteli kongwe ina hasara yake: vyumba havilingani. Kimoja kina ngazi mbili za kushuka, kingine kiko mwisho wa ujia mrefu, cha tatu bafu limebanwa mahali ambapo zamani hapakuwa na bafu. Kwa hoteli mpya ukisema aina ya chumba umemaliza. Kwa hoteli kongwe uliza chumba kwa chumba.

Mahali napo. Stanley iko Kimathi Street na Kenyatta Avenue, katikati ya honi. Ombeni ghorofa ya juu. Norfolk ina bustani ndani, Harry Thuku Road ikiwa nje, kwa hivyo ombeni upande wa bustani. Serena iko karibu na Central Park, ni tulivu kwa hoteli ya mjini. Kempinski iko Chiromo Road, rahisi kwa anayetoka uwanja wa ndege kwa barabara ya juu. Hemingways ina vyumba 45 tu na inatazama Ngong, ila Karen mwezi wa Julai ni baridi ya kweli. Giraffe Manor, Lang'ata, ni nyumba ya 1932 yenye vyumba 12, na twiga wa Rothschild hupenyeza vichwa madirishani asubuhi kuomba chakula. Dada yako ana haki ya kuitaka. Lakini vyumba 12 dunia nzima ikivigombania, mkitaka Julai na sasa hivi hamjaweka nafasi, ulizeni kwanza kabla ya kuwaahidi wazee. Kwa goti la Mzee na pochi ya watu wanne, mimi ningechukua hoteli ya mjini yenye bustani, chumba kizuri kuliko kile cha bei ya chini, kisha asubuhi moja niwapeleke Giraffe Centre iliyo jirani na ile nyumba. Twiga ni wale wale.

Goti sasa. Ulizeni haya kwa simu na mshikilie hadi mjibiwe kwa vipimo:

Kutoka gari linaposimama hadi lifti kuna ngazi ngapi? Bafu ni la kuingia kwa miguu bila kizingiti, au ni lazima uvuke ukingo wa hodhi? Hodhi za kifahari zina ukingo wa nusu mita na zaidi, tena mviringo usio na pa kushika. Picha ni tamu, kwa goti ni mtego. Kuna chuma cha kushikilia ukutani na kigoda cha kuogea? Kitanda kina kimo gani? Watu hawalifikirii hili la mwisho. Vitanda vya hoteli hizi huwa virefu kwa sababu ya godoro nene na tandiko jingine juu yake. Vikifika sentimita 65, mzee anakaa ukingoni miguu ikining'inia, na kushuka usiku gizani ndiko huleta ajali. Waambieni waondoe lile tandiko la juu. Ni kazi ya dakika kumi kwa watu wawili, na wanaifanya bila malipo wakiambiwa kabla mgeni hajafika.

Mwombe pia kitanda kimoja kikubwa kwa jina. Msiposema, wanaweza kupewa vitanda viwili vilivyounganishwa, vikiacha ufa katikati. Miaka 40 ya ndoa, kisha ufa!

Vyumba hugawanywa asubuhi ya siku ya kufika, mtu akiwa na orodha mbele yake. Ombi lililoandikwa siku ya kuweka nafasi linaweza kuwa limezikwa chini. Pigeni simu siku moja kabla, kama saa nne asubuhi, wakati wanaotoka wameanza kutoka na mapokezi hawajalemewa. Muombe karani akusomee kilichoandikwa kwenye nafasi yenu. Usimuulize "mmeona ombi letu?" kwa sababu jibu la hilo ni ndiyo daima.

Kuingia huwa kuanzia saa nane au saa tisa mchana, kutoka saa tano au saa sita. Wakifika saa nne asubuhi chumba huenda hakiko tayari. Ada ya kuingia mapema wakati mwingine ni nusu ya bei ya usiku mmoja, kwa hivyo afadhali mizigo iachwe, wao wakae bustanini.

Langoni kuna ukaguzi: kioo chini ya gari, buti inafunguliwa, mifuko inapita kwenye mashine. Teksi za programu mara nyingine huishia langoni. Tumeni nambari ya gari na jina la wageni mapema, na ombeni kiti cha magurudumu kisubiri mlangoni hata kama Mzee atakikataa.

Konsiaji ni yule wa dawati lake pembeni ya mapokezi. Akiwa na funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola ya koti, ni mwanachama wa Les Clefs d'Or, chama kilichoanzia Paris 1929, na hilo si pambo. Kupanga gari, kubadilisha meza, kutafuta duka la dawa usiku, yote ni kazi yake na tayari mmeilipia.

kitindamimba_254

Asanteni sana, nimechukua daftari. Insulini naweza kusema aiweke kwenye friji ile ndogo ya chumbani? Na keki, tunaye fundi wetu wa mtaa wa Umoja, tunaweza kuingia nayo?

mshika_funguo

Friji ya vinywaji isitumike kwa insulini, kwa sababu mbili. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Friji nyingi za vyumbani ni zile zisizo na kelele, hazina kompresa, na ubaridi wake hutegemea joto la chumba. Zinaweza kupanda juu ya 8 mchana, au dawa ikigusa ukuta wa nyuma igande. Iliyoganda hutupwa, haiyeyushwi ikatumika. Sababu ya pili ni ya pesa: baadhi ya friji hizo zina vihisi chini ya kila chupa. Ukiinua soda kupisha dawa na ikakaa nje kwa muda mfupi, mashine inaandika umeinywa.

Ombeni friji ya dawa. Hoteli za daraja hilo huwa nazo chache, hawatozi, na ikifika chumbani iwe imewashwa saa chache kabla. Kalamu iliyofunguliwa ifuate kikaratasi chake. Ombeni pia kisanduku cha sindano, ili zisiishie kwenye pipa la taka zikamchoma mfanyakazi wa usafi.

mama_jiko

Keki ya nje: hoteli nyingi hukataa, na si uchoyo. Mgeni akiumwa tumbo, jiko lao ndilo linaloulizwa. Wanaokubali hutoza ada ya kukata na kuhudumia kwa kila mtu, na kwa chupa ya nje kuna ada ya kuifungua. Mkijumlisha ada hiyo na keki ya fundi wa Umoja, mara nyingi mmeshapita bei ya keki ya kilo moja ya hotelini. Kilo moja inatosha watu wanane hadi kumi, kwa wawili ni nyingi mno. Agizeni ndogo ya nusu kilo, saa 48 kabla, mseme ipunguzwe sukari na iandikwe nini. Maandishi yaje kwa herufi kubwa kwenye ujumbe, kwa sababu mpishi wa keki hunakili anachoona, na jina likikosewa kwenye krimu halifutiki.

Kuhusu kula: neno "hoteli" kwa wazee wetu ni pale pa chai na mandazi, kwa hivyo Mzee atatarajia chakula kije kikiwa tele na haraka. Chakula cha jioni cha namna hii huja kidogo kidogo, sahani tano kwa saa mbili. Mwambieni mapema, la sivyo atashiba mkate wa mwanzo. Uma na visu hutumika kuanzia nje kuja ndani. Akikosea, weita atamletea kingine bila neno.

Asubuhi, bafe hufungwa kama saa nne na nusu. Mama akidunga saa moja, asisubiri bafe ichangamke. Agizeni usiku kwa kile kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kitasa cha mlango kabla ya saa nane usiku, kiletwe chumbani saa moja na robo. Ila ulizeni: BB ya mgahawani haihusishi kuletewa chumbani kila mahali, kuna ada ya trei. Na uji wa wimbi upo. Hautauona kwenye menyu, lakini jiko likiambiwa jana yake, unga unapatikana na mpishi aliyekua anaunywa yupo. Semeni bila sukari, pamoja na viazi vitamu au nduma. Chakula cha halali kwa anayehitaji kiulizwe siku ya kuweka nafasi.

zamu_ya_usiku

Nyongeza kuhusu bili, fupi.

Siku ya hoteli haifungwi saa sita usiku. Hufungwa na hesabu ya usiku, mara nyingi kati ya saa saba na saa tisa. Kilichonunuliwa kabla ya hapo hubeba tarehe ya jana, na baada ya hapo ya leo. Hivyo msishangae tarehe, angalieni vitu.

Makosa matatu hujirudia. Kiamshakinywa kutozwa na ilhali ni BB: weita alifungua bili ya mkahawa, haikushikana na kifurushi cha chumba. Chakula cha mtu wa 412 kuingia kwenye 421. Na maji: chupa mbili za bure huandikwa "kwa hisani", ile ya kioo iliyo kando yake inauzwa. Kwa hilo la pili, kila wazee wakitia sahihi kikaratasi wasome nambari ya chumba kwanza, na ule mstari mtupu wa bakshishi waupige mstari. Mstari mtupu ni mwaliko.

Ombeni bili ichapishwe jioni ya mwisho, kama saa mbili usiku, itumwe kwenu kwa barua pepe. Kubishana na bili saa tano asubuhi watu kumi wakiwa nyuma yako ni kujitafutia presha. Ikiwa kuna anayelipa kupitia kampuni, PIN ya KRA, yaani nambari ya kodi ya kampuni hiyo, itolewe kabla risiti haijatoka. Ikishatoka kurekebisha ni safari nyingine.

kitindamimba_254

Na bakshishi? Tayari kuna asilimia 10 ya huduma.

BiKaunta

Kwa maoni yangu, ile asilimia 10 yatosha. Imeshalipwa.

mshika_funguo

Sikubaliani, dada. Ile huingia kwenye mfuko na kugawanywa mwisho wa mwezi, na mgao hutofautiana hoteli kwa hoteli. Si lazima kutoa, ila mzee wa Kiafrika hapendi kubebewa sanduku aondoke mikono mitupu. Mpeni Mzee bahasha ya noti ndogo: mia mbili kwa mbeba mizigo, mia mbili kwa aliyeleta chakula chumbani. Kwa mfanyakazi wa usafi, iachwe kila siku juu ya mto na kikaratasi "asante", kwa sababu wa leo si wa kesho. Bila kikaratasi, mwaminifu ataiacha hapo hapo akidhani imesahaulika.

Na jambo jingine kuhusu shuka. Mama akipakwa hina au piko kwa ajili ya sherehe, ipakwe siku mbili kabla na si usiku ule. Shuka nyeupe zilizofumwa kwa nyuzi nyingi, zikishika hina, huwa zimekufa, na bili ya shuka itawafikia. Ombeni mito yenye foronya nyeusi na taulo jeusi la kufutia vipodozi. Sabuni na ndara za kitambaa waende nazo nyumbani. Lile joho la taulo haliondoki.

kitindamimba_254

Sasa swali la mwisho. Tuliobaki hapa tungependa kuweka amana ya matumizi ya ziada kwa M-Pesa, kaka alipe chumba tu. Inafaa?

BiKaunta

Inafaa, ukijua mipaka. M-Pesa inapitisha hadi Sh250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo 30,000 zenu hazina tatizo. Lipeni kwenye Paybill iliyo kwenye barua ya hoteli. Msilipe kwenye nambari ya karani. Sehemu ya akaunti iandikwe nambari ya nafasi yenu, kisha mtume ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 kwa barua pepe. Pesa ikiingia bila nambari ya nafasi, hukaa kwenye kapu la "haijulikani ni ya nani" hadi mhasibu aitafute, na wazee watakuwa wanaombwa amana mara ya pili pale mapokezi.

Kurudishiwa chenji ndiko kugumu. Mapokezi hawawezi kurudisha M-Pesa wenyewe, hiyo ni kazi ya ofisi ya uhasibu, na ofisi hiyo Jumapili imefungwa. Wazee wakitoka Jumapili, hesabuni Jumanne au Jumatano. Wakiingia Jumapili na kutoka Jumanne, chenji inaweza kutoka siku hiyo hiyo, na mara nyingi bei ya chumba katikati ya wiki ni nafuu pia. Iandikwe pesa irudi kwenye nambari ipi, kwa jina la nani.

Hii hapa barua, badilisha majina:

"Kwa idara ya kuweka nafasi. Tunaomba chumba kimoja chenye kitanda kimoja kikubwa kwa Bw. na Bi. Fulani, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, bei ya wakaazi, BB. Tafadhali thibitisheni jumla ya mwisho kwa shilingi, kodi na ada zote zikiwemo, na tarehe ya mwisho ya kughairi bila kutozwa. Mgeni mmoja ana goti lisilokunja vizuri: tunaomba chumba karibu na lifti, upande wa bustani, bafu lisilo na kizingiti, chuma cha kushikilia, kigoda, na tandiko la juu la kitanda liondolewe. Mgeni mwingine anatumia insulini: friji ya dawa na kisanduku cha sindano. Kipasha joto na blanketi la ziada viwekwe chumbani kabla ya saa kumi na moja jioni. Chumba, pamoja na matumizi ya ziada hadi Sh30,000, viende bili A, inayolipwa na watoto wao. Wageni wasionyeshwe bili wala kuombwa kadi. Ikikaribia kikomo, pigeni nambari hii."

Mkijibiwa kwa neno moja tu, "Imepokelewa", andikeni tena muombe kila kipengele kijibiwe.

kitindamimba_254

Naituma sasa hivi. Ile ya kughairi sikuwa nimeifikiria kabisa.

zamu_ya_usiku

Basi isome vizuri kabla kaka hajalipa. Bei ya chini kabisa kwenye tovuti mara nyingi ni ile isiyorudishwa hata senti, na goti la miaka 74 halina ratiba.